Mama Pasi na Zile Pedi Sita

Mama Pasi hakupewa jina hilo kwa mapenzi. Alipewa na wasichana wa chumba cha kufulia cha hoteli, wale waliofanya kazi chini yake, kwa sababu ukiacha kunyanzi kwenye shuka na yeye akawa amesimama nyuma yako, ulihisi joto mgongoni kabla hajasema neno. Yeye mwenyewe alilipenda, akaliona ni cheo. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa dobi wa hoteli ile ya ghorofa tisa, na hakuna shuka, foronya wala kitambaa cha meza kilichopanda kwa wageni bila kupita mbele ya macho yake. Macho hayo hayakuwa na huruma. Kuna msichana aliyerudishwa nyumbani akilia kwa ajili ya tone la chai ambalo watu wengine walihitaji kuonyeshwa kwa kidole ndipo walione.

Sasa mtu wa namna hiyo ukimweka nyumba moja na msichana wa miaka kumi na sita ambaye hakumzaa, usitegemee amani.

Msichana alikuwa binti wa mumewe. Mume aliendesha lori la mizigo na kila mtu alimwita Dereva, hata mkewe. Alikuwa mpole kupita kiasi, mpole wa aina ile ambayo ugomvi ukianza anakumbuka kwamba tairi la lori halijakaguliwa. Mkewe wa kwanza alikuwa amefariki. Binti aliingia nyumbani kwa Mama Pasi akiwa na miaka kumi na miwili, begi moja na uso uliofungwa, na tangu siku hiyo hao wawili hawakupikika chungu kimoja. Chuki yao haikuwa ya kelele. Binti akiosha sahani, Mama Pasi aliziosha tena. Binti akifagia, Mama Pasi alipitisha kidole nyuma ya mlango, akakitazama, akaguna. Binti naye alikuwa na silaha yake, nayo ilikuwa kunyamaza. Ukimwambia jambo alikutazama mpaka umalize, akasema "sawa", akaondoka, nawe ukabaki umesimama na hasira yako huna pa kuipeleka.

Nyuma ya binti alisimama mama yake mdogo, dada wa marehemu, fundi cherehani mwenye kibanda mitaa mitatu kutoka pale. Huyu alimtaka mtoto, na hakuficha. Dereva, kwa kuwa hakuweza kumkatalia mtu yeyote jambo lolote, alikuwa ameahidi pande zote mbili: binti akae mpaka mwaka wa shule uishe, siku ya kufunga shule aulizwe mbele ya wote, na atakakochagua ndiko atakakoishi. Mama Pasi aliposikia aliinua bega moja, kwamba yeye halimhusu.

Lilimhusu sana. Hakujaaliwa kuzaa, na alijua watu watasema nini: kapewa mtoto mmoja, tena mkubwa, tena anayejifulia mwenyewe, kashindwa kukaa naye. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo asingemwambia mtu. Dereva siku zake nyingi zilikuwa barabarani, na nyumba ile bila yule mnyamavu ingebaki na mwanamke mmoja na pasi yake. Alitaka binti abaki. Njia ya kulisema hilo hakuijua, basi akawa anamgombeza.

Pedi zenyewe, za hedhi, za kitambaa cha kufua na kurudia, zilitoka kwa mama mdogo. Alizishona sita, kwa vipande vya flana ya rangi ya krimu vilivyombakia kibandani, tabaka tatu za kunywa na chini yake kitambaa kisichopitisha maji, kila moja na mabawa mawili yanayofungwa kwa kifungo cha kubana. Alimpa binti na maelekezo ya mdomo. Loweka kwenye maji baridi, fua kwa sabuni ya kipande, suuza mpaka maji yatoke meupe, anika juani, peupe. Usizifiche chini ya godoro wala usizifunike na nguo nyingine, maana kitambaa kibichi kikifichwa kinaota ukungu, na ukungu huo utauvaa wewe. Wala usiongeze kitu kingine chochote. Binti aliyashika maneno hayo neno kwa neno, na kila mwezi pedi sita zilining'inia katikati ya kamba, kila moja na kibanio chake, jua likizipiga usoni.

Kamba hiyo ilikuwa kwenye ua uliochangiwa na nyumba nne na kuchunguliwa na madirisha ya jengo la ghorofa. Pedi zilikuwa safi, hilo nitamtetea binti popote. Lakini zilikuwa na madoa. Flana ya rangi ile ikishafuliwa miezi kadhaa inabaki na kivuli cha kahawia katikati, kivuli kisicho na harufu wala madhara kwa mtu, ila kipo, na aliyekizoea wala hakioni.

Mama Pasi alikiona akiwa mlangoni, hatua ishirini.

"Wewe binti, vitu hivyo vitoe hapo. Ua huu wanapita wanaume."

"Vinakauka."

"Vikaukie chumbani."

"Chumbani hakuna jua."

"Basi tandaza shuka juu yake."

"Mama mdogo amesema visifunikwe."

"Mama yako mdogo anajua kushona. Kufua atanifundisha mimi?"

"Sawa," binti akasema, akaingia ndani, na pedi zikabaki pale pale.

Kilichomuudhi Mama Pasi zaidi ni kwamba kuhusu jua binti alikuwa na haki. Kitambaa kilichokaukia kivulini kina harufu ya uongo, yeye mwenyewe alikuwa akisema hivyo kazini kila siku. Kwa hiyo hakuweza kuziondoa, na hakuweza kuzivumilia, na miezi ikapita akitoka uani ameangalia upande wa ukuta.

Halafu kulikuwa na jirani wa ghorofa ya pili, mwanamke ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuegemea dirisha. Jumamosi moja, wiki moja kabla ya siku ya wazazi shuleni kwa binti, jirani huyo aliita kutoka juu, sauti tamu kabisa.

"Mama Pasi, kumbe kuna madoa hata nyinyi wa hotelini yanawashinda?"

Akacheka kidogo, akavuta pazia.

Mtu mwingine angeuchukulia utani. Mama Pasi aliuchukua kama tusi. Binti alikuwa amezianika pedi zipate jua kabla siku zake hazijafika, kisha akaenda shuleni kwa mazoezi ya kusoma risala. Mama Pasi akaenda kambani, akachomoa vibanio sita kimoja baada ya kingine, akaingia ndani na pedi zote chini ya kwapa.

Alizifua kidobi. Kwanza maji baridi na chumvi, saa mbili nzima. Kisha sabuni ya kipande, doa kwa doa, kwa brashi yake ndogo ambayo mtu mwingine hakuruhusiwa hata kuisogeza. Palipobaki kivuli alidondosha dawa ya madoa kwa kijiti, tone moja moja, akingoja, akigeuza, akiinamisha kichwa apate mwanga. Alisuuza mara tano. Doa la mwisho lilipotoka alisema "ehee" peke yake jikoni, sauti ya mtu aliyemkamata mwizi. Halafu, kwa kuwa kazi haikuwahi kutoka mkononi mwake ikiwa nusu, alichukua chupa ya dawa ya kulainisha nguo, masalio ya dumu aliyoruhusiwa kubeba kazini, akamimina vifuniko vitatu kwenye beseni la mwisho na kuzilaza humo. Alizianika, akazipiga pasi, akazikunja mraba, kingo juu ya kingo. Zilikuwa laini, bila kivuli hata kimoja, zinanukia maua. Akazipanga kitandani kwa binti kama foronya za mgeni wa ghorofa ya tisa.

Asije mtu akaniambia alifanya kwa upendo. Alifanya kwa hasira. Alitaka binti aone, jirani aone, na habari imfikie fundi cherehani kwenye kibanda chake. Ila ni kweli pia kwamba jioni ile alichelewa kuingia jikoni, akawa anazungukazunguka karibu na mlango wa chumba cha binti, akingoja.

"Nani kagusa vitu vyangu?" binti aliuliza kutoka ndani.

"Mimi. Sasa angalia vinavyotakiwa kuonekana."

Binti alitokea mlangoni ameshika pedi moja. Akainusa, akakunja pua.

"Nilikuwa nimeshavifua."

"Ulikuwa umevilowesha."

Binti alimtazama kwa muda wake wa kawaida.

"Sawa," akasema. Akaziingiza zote droo ya kabati, akafunga kwa ufunguo.

Asante haikuja, na Mama Pasi akala chakula chake cha jioni amesimama.

Siku ya wazazi ilikuwa siku kubwa kwa binti. Katika shule nzima alikuwa amechaguliwa yeye kusoma risala ya wanafunzi mbele ya mgeni rasmi, kwa sababu alikuwa na sauti, ajabu ya mtoto yule, sauti nzito iliyotulia, ambayo nyumbani hakuna aliyewahi kuisikia zaidi ya neno moja. Sare ya sherehe ilikuwa sketi nyeupe. Mama Pasi aliipiga pasi usiku wa kuamkia siku hiyo, na binti aliipokea bila kusema kitu, maana hata adui yako akipiga pasi namna ile huna la kusema. Dereva aliliacha lori, akavaa shati lenye kola, akakaa safu ya pili katikati ya wanawake wawili wasiosalimiana: mkewe kushoto, shemeji yake fundi kulia.

Ilikuwa siku ya pili ya hedhi ya binti; ya kwanza ilikuwa matone machache tu. Asubuhi alivaa pedi moja, kama alivyozoea, na hakuwa na wasiwasi hata chembe. Miezi kumi zilikuwa zimemtoa asubuhi mpaka mchana bila tone kuvuka.

Alisoma vizuri. Dereva alianza kulia kwenye ukurasa wa kwanza, akasingizia mafua. Ukurasa wa tatu ulipoisha, binti alikunja karatasi, akageuka kumkabidhi mgeni rasmi risala, na kwa kugeuka akaupa mgongo ukumbi mzima. Kwenye sketi nyeupe kulikuwa na doa jekundu ukubwa wa kiganja.

Kwanza ilikuwa minong'ono. Halafu wavulana wa safu za nyuma wakaanza kucheka, na mwalimu mmoja akainuka kuwanyamazisha, akawafanya wacheke zaidi.

Mama Pasi alikuwa ameliona kabla ya wote. Macho yale ya miaka ishirini na miwili hayangeweza kulikosa. Na jambo la kwanza lililomjia kichwani lilikuwa maji baridi. Maji baridi na chumvi, upesi, kabla halijakauka. Maji ya moto yasiguse kabisa. Zipu ifunguliwe isije ikashika kutu. Alikuwa angali anayapanga hayo, mikono imetulia mapajani, pale mama mdogo alipoinuka, akakanyaga miguu ya watu, akapanda jukwaani huku anavua mtandio wake mwenyewe, akamfunga binti kiunoni na kumkumbatia. Binti aliangalia juu ya bega la mama mdogo, mpaka safu ya pili. Akamwona baba yake amesimama. Akamwona Mama Pasi amekaa.

Nyumbani ndipo lilipolipuka. Binti, ambaye kwa miaka minne alikuwa ametumia neno moja, siku hiyo aliyatoa yote. Alifungua droo, akazitupa pedi zilizobaki miguuni pa Mama Pasi.

"Umefanya makusudi. Miezi kumi hazijawahi kuvuja. Umezigusa mara moja tu. Damu haikuingia kabisa, imeteleza juu juu ikatokea pembeni."

"Mimi? Mimi niliyekutolea madoa yaliyomshinda mama yako mdogo? Kashona matambara, sasa mnatafuta wa kumsingizia."

"Ulijua ni wiki ya risala."

"Nilijua kwamba ua wangu umegeuka kichekesho, hilo ndilo nililojua."

"Jamani, taratibu," Dereva akasema, akaenda kukagua tairi.

Binti hakulala pale. Alilala kwa mama mdogo, na ujumbe uliokuja asubuhi ulikuwa mfupi: Ijumaa shule inafungwa, na Ijumaa watakuja kama ilivyoahidiwa.

Jumanne Mama Pasi alikuwa na siku ya mapumziko. Aliamka na nia moja, kuthibitisha kwamba pedi zile zilishonwa vibaya. Alikuwa ameshayapanga maneno ya kumpa fundi vidonge vyake: flana hafifu, uzi wa bei rahisi, tabaka hazikushikana. Akatandaza pedi moja juu ya jiwe la kufulia, akachota maji baridi kwa kikombe, akamimina kidogo katikati.

Maji hayakuingia. Yalijikusanya yakawa tone moja nono, likatikisika, likateleza juu ya flana iliyopigwa pasi hadi pembeni, likamdondokea mguuni.

Akamimina tena. Likateleza tena. Akachukua ya pili, na ya tatu.

Hapa niseme jambo ambalo labda ningelisema mapema. Katika chumba cha kufulia cha hoteli kulikuwa na meza mbili ndefu. Moja ya vitu vya kulalia, mashuka na foronya; nyingine ya vitu vya kujifutia, yaani mataulo. Na sheria ya kwanza ya Mama Pasi, aliyomfundisha kila msichana mpya kabla hata hajamwonyesha choo kiko wapi, ilikuwa kwamba dawa ya kulainisha inakwenda meza ya kwanza tu. Alimsimamisha msichana, akamuuliza: taulo kazi yake nini? Kunywa maji. Dawa ya kulainisha inafanya nini? Inapaka kitambaa mafuta, maji hayaingii. Ukiitia kwenye taulo umefanya nini? Nimeliua. Msichana akikosea mara ya pili alipewa nauli ya kurudi kwao. Sheria ilikuwa ya Mama Pasi. Ungemwamsha katikati ya usingizi angekutajia.

Aligeuza ndoo, akakaa juu yake.

Ilikuwaje? Alijiuliza kwa uchungu wa kweli, na jibu lilipokuja halikumpendeza. Kichwani mwake kila kitambaa kilikuwa na meza yake, na pedi zile hakuwahi kuziweka kwenye meza yoyote. Tangu siku ya kwanza hakuona kitambaa chenye kazi. Aliona doa lililobanwa kwa kibanio mbele ya majirani. Alizishika saa tatu, akazisugua, akazigeuza kwenye mwanga, akazikunja, na hata mara moja hakujiuliza zinafanya nini mwilini mwa mtu, yeye ambaye naye alikuwa mwanamke tangu azaliwe.

Basi sasa alikuwa na jibu la kujitetea. Hakufanya makusudi. Ila ili alitumie ilibidi aseme kwamba dobi mkuu wa ghorofa tisa amefanya kosa ambalo msichana wa siku ya kwanza halifanyi. Neno hilo lingefika kwenye kibanda cha fundi, ambako wanawake wa mitaa mitatu walikuja kupimwa nguo. Lingepanda mpaka dirisha la ghorofa ya pili. Na lingefika hotelini, maana maneno ya aina hiyo hayahitaji nauli. Kwa siku tatu Mama Pasi aliona afadhali aitwe mbaya. Mwanamke mbaya angalau anajua kazi yake. Wasichana wa chumba cha kufulia walikiona cha moto wiki hiyo, na hakuna aliyejua kosa lake.

Ijumaa mchana wakaja. Binti alikaa ukingoni mwa kiti, sare bado mwilini, begi lake lililojaa limeachwa mlangoni. Mama mdogo alikaa karibu naye, mkoba mapajani, uso wa mtu aliyekuja kuchukua kilicho chake. Dereva alisimama, akakaa, akasimama tena. Jasho lilikuwa limemlowesha kola.

"Mama Pasi," akasema, "kabla mtoto hajaulizwa nataka nijue mimi. Niambie kweli. Ulifanya makusudi au hukujua?"

Binti alikuwa anatazama ukuta. Mama Pasi alilitazama begi lile mlangoni, na zipu yake iliyofungwa mpaka mwisho, akaelewa kwamba akinyamaza hapa litaondoka, na akilisema lile neno huenda begi likarudi chumbani.

"Sikujua."

"Hukujua nini, dada?" mama mdogo akauliza.

"Dawa ya kulainisha. Inaziba kitambaa, hakinywi. Niliitia. Nimekosea."

Neno hilo la mwisho halikuwahi kusikika kwenye nyumba ile kutoka kinywani mwake. Hata Dereva alishtuka, akamtazama vizuri, akadhani labda ni mgonjwa. Mama Pasi mwenyewe alihisi ametoka nje bila nguo. Akangoja.

"Uongo," binti akasema.

Alisema polepole, kwa sauti ile ile ya jukwaani.

"Mwezi wangu wa kwanza hapa nilitia ile dawa kwenye taulo la baba. Ulinisimamisha uani nusu saa. Ukanifanya nirudie mara kumi, taulo kazi yake kunywa maji, huku watu wanapita. Ukasema hili hata mtoto mdogo analijua. Leo wewe ndiye hukujua?"

"Nilijua kwa mataulo."

"Dada," mama mdogo akasema, tena bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi, "miaka ishirini na miwili. Ungetuambia tu ulikasirika ukafanya, tungekuelewa. Sote tunakasirika. Lakini usitufanye wajinga."

Mama Pasi alimgeukia mumewe. Dereva alikuwa anatazama sakafu. Naye hakuamini. Miaka yote aliyojisifu ilikuwa imekaa upande wa pili wa chumba, inatoa ushahidi dhidi yake, na haikuwa na shahidi wa kuipinga. Alikuwa amepiga moyo konde, akalitoa neno gumu kuliko yote, na limepokelewa kama hela bandia.

"Sikuziangalia," akasema.

"Ulizishika," binti akasema. "Ulizipiga pasi."

"Nilizishika. Sikuziangalia. Nilikuwa naangalia doa."

Binti aligeuza uso kutoka ukutani. Alimtazama kwa namna yake.

"Na siku ile shuleni?" binti akauliza. "Baba alisimama. Mama mdogo alikuja. Wewe nilikuona umekaa. Ulikuwa unaangalia nini?"

Angeweza kudanganya hapo. Angesema aliishiwa nguvu, miguu ilimgoma, machozi yalimziba macho, na mtu angelipokea. Lakini alikuwa ameshaitwa mwongo kwa kusema kweli, na ukaidi wake wote, ule ule wa kurudisha shuka kwa tone la chai, ulikataa.

"Doa," akasema. "Nilikuwa nafikiria maji baridi."

Mama mdogo aliguna kwa chini. Dereva alifumba macho.

"Nakuamini," binti akasema. "Hukufanya makusudi."

Mama Pasi aliinua kichwa. Karibu atabasamu. Alifikiria begi lile likirudishwa chumbani. Alifikiria hata kulibeba mwenyewe.

Binti alisimama. Alinyoosha sketi, akaenda mlangoni, akatia begi begani.

"Baba, nimechagua. Naenda kwa mama mdogo."

"Si umesema unaniamini?" Mama Pasi akauliza.

"Nakuamini," binti akasema. "Ndiyo maana naondoka. Ungekuwa ulinikomoa, ningejua angalau uliniona."

Dereva alilipokea begi begani kwa binti yake, akatangulia nje nalo, na mama mdogo akafuata, akauvuta mlango nyuma yake taratibu mpaka ukafunga.